Kesi ya Mbuzi Mweusi

Mwaka 1950, taifa la Israeli likiwa na umri wa miaka miwili, bunge lake lilitunga sheria ya kuilinda mimea dhidi ya mbuzi. Sitanii. Aliyelengwa hasa ni mbuzi mweusi wa Wabedui na wa wanakijiji wa Kiarabu, na hoja ilikuwa kwamba mnyama huyu ndiye aliyeitafuna nchi mpaka yakabaki mawe. Mifugo ikapunguzwa, vilima vikapandwa misonobari. Desemba 2010 Mlima Karmeli ukashika moto. Watu 44 walikufa, wengi wao makuruta wa magereza waliokuwa ndani ya basi moja. Halafu mwaka 2018 bunge lile lile likaifuta sheria ile. Muswada aliupeleka mbunge Mwarabu, Jamal Zahalka, na hoja iliyowakaa vizuri hata wasiompenda ni hii: vichaka vinavyokauka kila kiangazi ndicho chakula cha moto, na mbuzi akiwahi kuvila, moto unalala njaa.

Mshtakiwa ameachiwa huru baada ya miaka 68, bila fidia wala kuombwa radhi. Kiswahili humwita anayebebeshwa dhambi za wengine mbuzi wa kafara. Hapa fumbo limefumbuliwa, amebaki mbuzi mwenyewe. Naanza naye kwa sababu kesi yake ni ufupisho wa ugomvi wa muda mrefu kuhusu nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania: nani aliziharibu? Jibu lililozoeleka ni kwamba palikuwa na misitu minene, akaja binadamu na shoka, nyuma yake mbuzi, udongo ukaenda na maji, ikabaki milima yenye upara tunayoiona kwenye picha za watalii. Mimi nasema jibu hilo lina ukweli wa hapa na pale, uliokuzwa mpaka ukawa uongo. Madhara makubwa ya zama zetu kule yanatoka upande wa pili kabisa: watu wameihama milima waliyoitunza kwa mikono kwa maelfu ya miaka, wakaenda kurundikana tambarare na pwani.

Lakini kesi haisikilizwi upande mmoja. Shahidi wa kwanza wa mashtaka ni mzito: Plato. Katika karne ya nne KK aliandika kwamba Attica, nchi yenye jiji la Athens, imebaki kama mifupa ya mwili uliokondeshwa na maradhi. Udongo mnono umeteremkia baharini, na milima ambayo sasa inalisha nyuki tu ilikuwa hadi juzi ikitoa miti ya kuezekea majumba makubwa. Maneno hayo hunukuliwa na kila mtu wa mazingira mwenye haraka. Kinachosahauliwa ni kwamba yamo ndani ya andiko lile lile ambamo Plato anasimulia kisiwa cha Atlantis, na Attica anayoililia ni ya miaka 9,000 kabla yake. Shahidi anayekuonyesha mlima uliopoteza udongo na hapo hapo anakuonyesha kisiwa ambacho hakikuwahi kuwapo hafukuzwi mahakamani, ila hakimu mwenye akili huomba aitwe mwingine.

Mwingine yupo, na huyu hasimulii hadithi. Nenda magharibi mwa Uturuki, kwenye magofu ya Miletus. Huu ulikuwa mji wa bandari, wenye makoloni hadi Bahari Nyeusi. Mwaka 494 KK meli za Wagiriki wa huko zilivunjwa na Waajemi karibu na kisiwa cha Lade, mbele ya mji. Leo Lade ni kilima katikati ya mashamba, na bahari iko kilomita kadhaa kutoka hapo. Mto Menderes ulishusha tope karne baada ya karne mpaka ukaziba ghuba nzima. Kipande cha ghuba kilichosalia ndilo Ziwa Bafa. Efeso, upande wa kaskazini, ilipata msiba huo huo. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaikumbuka kama mji wa mafundi fedha na makelele ya wafanyabiashara, lakini bandari yake ni kinamasi. Tope hilo lilitoka milimani, na kufyeka na kulima huko juu kuliliongezea mwendo. Hapo mashtaka yana haki yake.

Ila hata hapo, udongo haukupotea. Ulihama. Bonde la Menderes leo linavunwa pamba, na mkulima wa Söke analima juu ya mlima wa mtu mwingine aliyekufa zamani.

Sasa acha pwani, panda hadi kwenye maziwa ya kusini magharibi mwa Anatolia, huko huko Uturuki. Chavua ya kila mwaka hutua majini na kuzama, tabaka juu ya tabaka, na wataalamu huchomoa nguzo ndefu ya tope kutoka chini ya ziwa wakaisoma kama daftari la kijiji. Maarufu kati ya madaftari hayo ni yale ya eneo la Beyşehir. Kuanzia milenia ya pili KK chavua ya misitu inapungua, inaingia ya mizeituni, mizabibu, chesnati na jozi: watu wamelima mpaka milimani. Hali hiyo inadumu kwa zaidi ya miaka 2,000. Kisha, karibu na karne ya saba BK, dola la Bizanti likiwa limechoshwa na tauni na vita, mzeituni unafutika kwenye daftari na msonobari unarejea. Miaka 2,000 ya kulima, na nchi bado ilikuwa na nguvu ya kuotesha msitu. Nikisikia mtu akisema wakulima wa kale waliiua ardhi ya Mediterania, huwa namuuliza msitu huu ulitoka wapi.

Wanasayansi wenyewe wamezozana vizuri juu ya jambo hili. Mwaka 1969 Claudio Vita-Finzi alitazama mashapo ya mabonde kuanzia Afrika Kaskazini hadi Mashariki ya Kati, akaona rundo la zamani sana na rundo la karibuni, akasema yote mawili ni kazi ya mabadiliko ya tabianchi. Mbuzi alishusha pumzi. Baadaye Tjeerd van Andel na Curtis Runnels na wenzao walipopima udongo wa kusini mwa Argolis, kule Peloponnese nchini Ugiriki, walikuta mambo yasiyoingia kwenye mfuko mmoja. Mmomonyoko ulikuja kwa vipindi vifupi, na kati yake zilipita karne nyingi za utulivu ingawa watu walikuwapo wakilima. Cha kushangaza, baadhi ya vipindi hivyo viliangukia siku ambazo kilimo kiliporomoka, uchumi ukafifia na mashamba ya ngazi yakaachwa bila matengenezo.

Kuna jambo lingine ambalo Oliver Rackham, mtaalamu wa misitu ya kale kutoka Cambridge, alilieleza vizuri kuliko wengi. Kile kinachoitwa kichaka na wageni mara nyingi ni mti uliotafunwa. Mwaloni mmoja wa Ugiriki wenye majani ya miiba huweza kukaa miaka na miaka ukiwa umefika magotini tu kwa sababu mbuzi wanaupogoa kila siku. Mizizi imetulia, udongo umeshikwa. Siku mbuzi wakipungua, tawi moja la katikati linawahi kupita urefu wa mdomo wa mbuzi, na baada ya muda una mti. Mgeni akipita na kamera anaandika: jangwa. Mchungaji akipita pale pale anaona malisho, na anaona msitu uliokaa chini.

Turudi kwenye mashamba ya ngazi, maana hapo ndipo moyo wa jambo ulipo.

Mteremko wa Mediterania una tatizo moja: mvua yake huja majira ya baridi, na mara nyingi huja kwa hasira. Siku moja inaweza kumwaga maji ya mwezi. Kiangazi hakidondoki kitu. Kwa hiyo mkulima alihitaji kufanya mambo mawili kwa pamoja, kushika udongo na kuachia maji, na jibu lake lilikuwa ukuta wa mawe makavu, usio na saruji wala chokaa. Mawe makubwa chini, yamelalia mlima kidogo. Nyuma yake kokoto na vipande vidogo ili maji yapenye bila kuondoka na udongo. Juu mawe bapa ya kufunga. Saruji ingekuwa kosa, kwa sababu ukuta usiopitisha maji hubeba uzito wa maji yote nyuma yake, na siku moja husalimu amri. Ukuta mkavu hutoa jasho. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ufundi huu kwenye orodha ya urithi usioshikika kwa niaba ya nchi nane, kuanzia Hispania hadi Cyprus, na nadhani ni mara chache orodha ile imepata kitu kilichojaa akili kiasi hiki.

Lakini ukuta huu una deni lisilokwisha. Kila baada ya masika ya baridi kuna mahali umetoka tumbo, kuna jiwe limeteleza, na mwenye shamba anapita na mkono wake kabla mvua nyingine haijaja. Usipoziba ufa utajenga ukuta: sisi hiyo ni methali, kwa mzee wa Liguria, Italia, ni ratiba ya Jumamosi. Mzee akifa na mwanawe yuko Milano, tumbo linakua. Ukuta unafunguka sehemu moja, maji yote ya ngazi ya juu yanapata mlango, yanashuka kwa kishindo kwenye ngazi ya chini, ambayo nayo haikujengwa kubeba maji ya jirani. Milimani mwa Cinque Terre, kaskazini magharibi mwa Italia, miteremko iliyokuwa na mizabibu imeachwa hivyo sehemu kubwa, ingawa eneo limo kwenye urithi wa dunia tangu 1997 na watalii wanakanyagana vichochoroni. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha tope na mawe hadi ndani ya vijiji vya Vernazza na Monterosso, watu wakafa, maduka yakajaa udongo mpaka ghorofa ya kwanza. Mvua ile ingeleta madhara hata kuta zingekuwa nzima. Ila tope lililofukia barabara ya Vernazza lilikuwa, kwa sehemu, shamba la babu wa mtu.

Na ili nisionekane nimekodishwa na mbuzi: kwenye ngazi zilizoachwa, mbuzi asiye na mchungaji ni janga. Anapanda juu ya ukuta, anaangusha jiwe la kufunga, kesho lingine. Nimekulia kwenye ua wenye mbuzi na najua adabu zao. Huyu ni mnyama atakayekula kanga yako iliyoanikwa kisha akutazame machoni. Swali la maana ni nani anatembea nyuma ya mbuzi, na kama anajua mahali pa kumzuia.

Swali hilo halikuulizwa na watawala wa kikoloni. Wafaransa walipoanza kuiteka Algeria mwaka 1830 walifika na simulizi mkononi: hii ilikuwa ghala la nafaka la Roma, Waarabu wahamaji wakaigeuza jangwa. Ushahidi waliuchukua kwa Ibn Khaldun, mwanahistoria wa karne ya 14 aliyewafananisha Banu Hilal, kabila la hao Waarabu wahamaji, na nzige. Ibn Khaldun alikuwa akichambua dola na jinsi tawala zinavyopanda na kuanguka. Watafsiri wake wa kikoloni wakamvisha kofia ya bwana misitu. Ikifika 1874, sheria iliruhusu kabila zima kutozwa faini msitu ukiungua, na malisho kwenye ardhi iliyoungua yakapigwa marufuku. Ukishathibitisha kwamba mwenye ardhi ndiye aliyeiharibu, kumnyang'anya kunageuka kuwa wema. Wakoloni waliondoka mwaka 1962, hadithi yao ikabaki kwenye mafaili ya idara. Katika miaka ya 1970 serikali ya Houari Boumediene ilianza kupanda ukanda wa miti wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,500, ukaitwa Bwawa la Kijani, ili kuizuia Sahara isipande kaskazini. Vijana wa jeshi la kujenga taifa walichimba mashimo, msonobari wa Aleppo ukapandwa kwenye nyika isiyokuwa ya kwake, na sehemu kubwa ikafa kwa ukame na viwavi. Wafugaji wa nyika ile walikuwa na la kusema kuhusu mvua ya pale, lakini wao ndio waliokuwa wakizuiwa.

Msomaji wa Machakos au Kondoa hana haja ya kufafanuliwa haya. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa madai kwamba mifugo imezidi na udongo unakwisha. Muindi Mbingu akaongoza maelfu kutembea hadi Nairobi, na serikali ikanywea. Miongo mitano baadaye watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, matuta yamechimbwa kwa vikundi vya mwethya, yaani kazi ya kusaidiana, na mmomonyoko umepungua kuliko siku za kelele za wataalamu. Mikono mingi, udongo mwingi. Kondoa inanisumbua zaidi, na ningekuwa mwongo nikiiruka. Chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, mifugo yote iliondolewa kwenye eneo lililokuwa limemomonyoka mwaka 1979, na majani yakarudi kweli, makorongo yakapona. Familia zilipoteza maziwa na samadi kwa usiku mmoja, lakini mlima ulipona. Kwa hiyo hakuna hukumu moja kwa mbuzi wote. Kondoa ina udongo wake na mvua zake, na makorongo yake yalikuwa jeraha wazi. Karmeli ilikuwa na kidonda tofauti, ikapewa dawa ile ile.

Kilichobadili kabisa milima ya kusini mwa Ulaya hakikutoka kwenye idara yoyote ya misitu. Kilitoka kwenye mikataba ya ajira. Ujerumani Magharibi ilisaini mkataba wa kuchukua wafanyakazi na Italia mwaka 1955, na Hispania na Ugiriki mwaka 1960, na Ureno mwaka 1964. Vijana wakashuka mlimani na masanduku ya mbao. Ambao hawakufika kwenye viwanda vya Ujerumani walifika Athens, Madrid, Torino, Barcelona, Paris. Wakati huo huo jiko la gesi likaingia vijijini, na likamaliza ukataji kuni na uchomaji mkaa kwa ukamilifu ambao hakuna askari wa misitu aliyewahi kuufikia. Wagema utomvu wa msonobari nao wakaacha. Kwa macho ya takwimu hii ni habari njema: eneo la misitu katika nchi hizi limekuwa likipanuka kwa miongo. Hispania wana jina chungu la mikoa yao ya ndani, wanaiita Hispania iliyomwagwa, kama maji ya ndoo.

Msitu huo mpya si ule wa daftari la Beyşehir. Ule uliota wakati watu waliobaki walikuwa bado wanachunga, wanakata kuni, wanachoma vichaka kwa zamu. Huu umeota peke yake, wa umri mmoja, umesongamana kuanzia ukingo wa barabara ya lami hadi kwenye veranda za nyumba za likizo, na mimea yake imeumbwa kuishi na moto: koni za msonobari wa Aleppo hufunguka zikipigwa na joto, mwaloni huchipua upya kutoka kwenye kisiki. Moto kule ni wa kale kuliko binadamu. Jipya ni wingi wa kuni zinazousubiri.

Ureno ilikwenda mbali zaidi. Sehemu ya mashamba yaliyoachwa katikati na kaskazini mwa nchi ilipandwa mikaratusi kwa ajili ya viwanda vya karatasi, na leo mkaratusi wa Australia ni kama robo ya misitu yote ya nchi hiyo. Ganda lake huchanika na kupeperuka likiwa linawaka, likaanzisha moto mbele ya moto. Tarehe 17 Juni 2017, huko Pedrógão Grande, watu 66 walikufa, wengi wao barabarani wakikimbia kwa magari. Oktoba mwaka huo huo moto mwingine ukaua takriban 50. Zaidi ya hekta 500,000 ziliungua kwa mwaka mmoja. Serikali ilipotaka kuwalazimisha wenye mashamba wasafishe vichaka, iligundua jambo ambalo karani yeyote wa ardhi angeweza kuwaambia: vipande vingi ni vidogo, vimeandikwa majina ya marehemu, na warithi wako Lisbon au Lyon na hawajui mpaka uko wapi.

Ukitaka kuona nchi hiyo hiyo ikifanya vingine, shuka kusini hadi Alentejo. Huko kuna mfumo wanaouita montado: mialoni iliyosimama mbalimbali, chini yake nyasi, kondoo, ng'ombe, na nguruwe wanaokula mbegu zinazodondoka. Mwaloni wa huko huvuliwa gome kila baada ya miaka tisa kwa ajili ya vizibo, bila kukatwa, na Ureno hutoa karibu nusu ya gome lote la vizibo linalovunwa duniani. Gome lile lile linaukinga mti na moto. Huu ni msitu au ni shamba? Mimi napenda kwamba halijibiki. Pale mtu akiacha kufuga, vichaka vinapanda kati ya mialoni ndani ya miaka michache na mfumo unaanza kufa. Hauna hali ya "asili" ya kurudia. Ulitengenezwa na watu, na unaishi kwa sababu watu bado wapo.

Nifike Evros, kona ya Ugiriki inayopakana na Uturuki. Agosti 2023 uliwaka huko moto mkubwa kuliko wote uliorekodiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, zaidi ya hekta 80,000, ukiwamo msitu wa Dadia unaojulikana kwa tai wake. Tarehe 22 miili 18 ilipatikana karibu na kijiji cha Avantas. Ilikuwa ya wahamiaji, watu waliovuka mto usiku na kujificha msituni wasionekane na polisi. Katika siku hizo hizo mwanamume mmoja alijirekodi akiwa amewafungia wahamiaji 13 ndani ya trela la gari lake, akidai ndio wachoma misitu, akiwahimiza wenzake nao wawakamate wengine. Alikamatwa. Lakini nilipoiona habari ile nilimkumbuka mbuzi mweusi. Mlima umejaa kuni za miaka 50, upepo ni mkali, na anayetafutwa bado ni yule anayepita mlimani kwa miguu.

Na huko tambarare? Huko ndiko kuna watu wa kulaumiwa, ila wana mawakili. Almería, kusini mashariki mwa Hispania, ina zaidi ya hekta 30,000 za vitalu nyumba vya plastiki, nyeupe kiasi kwamba vinaonekana kwenye picha za setilaiti. Nyanya na pilipili hoho za majira ya baridi ya Ulaya hutoka humo, zikichumwa kwa sehemu kubwa na Wamoroko na Waafrika wa Magharibi, zikinyweshwa maji ya chini ya ardhi yanayochotwa kuliko yanavyorudi. Jirani yake Murcia, baada ya maji ya mto Tajo kuanza kuhamishiwa kusini mwaka 1979, kilimo cha umwagiliaji kilipanuka na mbolea yake ikamiminikia kwenye Mar Menor, ziwa la maji ya chumvi lililo kando ya bahari. Oktoba 2019 samaki walijitupa ufukweni kwa maelfu wakitafuta hewa. Mwaka 2022 bunge la Hispania lililipa ziwa hilo hadhi ya mtu mbele ya sheria, ili liweze kushtaki. Ugiriki nako, Ziwa Karla la Thessaly lilikaushwa mwaka 1962 ili papatikane mashamba. Septemba 2023 kimbunga Daniel kilirudisha maji yakafunika tambarare ile kwa miezi. Hakuna mbuzi hata mmoja kwenye aya hii.

Wapo watakaosema ninazunguka mbuyu: tatizo ni joto la dunia, basi. Ni kweli eneo la Mediterania linapata joto kwa kasi kuliko wastani wa dunia, na kiangazi cha sasa hukausha kichaka kwa wiki badala ya miezi. Sibishani na kipimajoto. Ninachosema ni kwamba joto halikupanda mikaratusi wala halikubomoa kuta za Vernazza, na waziri anayesimama mbele ya majivu akitaja tabianchi peke yake anajua kwamba tabianchi haipigi kura katika jimbo lake.

Kwa hiyo sasa mbuzi anaitwa arudi. Andalusia huwalipa wachungaji walishe mifugo yao kwenye njia za kuzuia moto. Ureno ilianzisha mwaka 2018 mpango wa mbuzi wa kusafisha misitu, ukapewa jina la kikosi. Catalonia wana mpango wa Makundi ya Moto, ambapo mchungaji hupelekwa kwenye maeneo yaliyochaguliwa na wazima moto, na nyama ya mifugo yake huuzwa kwa chapa maalumu ili mnunuzi ajue anakula nini. Nazipenda jitihada hizi na ninazionea shaka. Mbuzi haegeshwi kama gari la zimamoto akisubiri king'ora. Anataka mtu wa kulala naye, kumkamua Krismasi, kujua ni kisima gani hakikauki Agosti, na mtu huyo ndiye aliyeondoka na sanduku la mbao. Kwenye zizi nyingi za Ugiriki anayefanya kazi hiyo leo ni Mualbania au Mpakistani, mara nyingine bila karatasi.

Catalonia walifungua shule ya wachungaji mwaka 2009. Wengi wa wanafunzi wake hutoka mjini, na baadhi ni wajukuu wa watu walioshuka Barcelona ili wasisikie tena harufu ya zizi. Wanakaa darasani wiki kadhaa, kisha wanapelekwa kuishi na mchungaji mzee mlimani, kama bado yupo.